Chapati ya Dodoma isitegemee meli peke yake

Unga wa ngano unaouzwa kwenye masoko ya Majengo au Kibaigwa mara nyingi umeanzia ng'ambo ya bahari. Tunalima ngano Hanang, Karatu na Nyanda za Juu Kusini, lakini mavuno hayo yanatosheleza sehemu ndogo tu ya mahitaji ya nchi. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi hizo mbili zilikuwa zikiuza karibu theluthi moja ya ngano ya soko la dunia. Bei ikapaa, na mama lishe wa hapa mjini akaumia kwa vita asivyohusika navyo.

Chamwino na Bahi si nchi ya ngano. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na jua ni kali. Mtama na uwele ndiyo nafaka zinazolihimili anga hili. Basi tupunguze ngano kwenye beseni la kukandia.

Kwa kilo moja ya unga wa chapati, tumia gramu 700 za ngano na gramu 300 za mtama mweupe, kama mbegu ya Macia. Aina za kahawia zenye tanini huleta uchungu. Mtama hauna gluteni, ule utando unaofanya donge livutike, ndiyo maana ukichanganywa mkavu chapati hukatika kwenye kifimbo. Mwagia kwanza unga wa mtama maji yanayochemka, koroga mpaka ushikane kama uji mzito, uache upoe, ndipo uongeze ngano, chumvi na mafuta. Kanda, funika nusu saa. Mkate wa kuumuka hauvumilii kiasi hicho: mtama usizidi asilimia 20, la sivyo hautainuka vizuri.

Walaji wengi wanaosema hawapendi mtama, kwa kweli hawapendi mchanga. Inauma kuona nafaka nzuri ya Mpwapwa ikikataliwa na msindikaji kwa sababu ilipurwa kwenye udongo. Anikeni na kupura juu ya turubai, hata kama ni la kuazima. Mchanga ukishaingia, kupepeta hakuutoi wote. Itabidi kuosha na kuanika upya, na hapo wengi huharakisha wakasaga nafaka ikiwa bado na unyevu.

Unyevu ndio unaoleta ukungu na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, hasa kupitia mahindi, kwa hiyo msiupuuze. Kabla ya kuhifadhi, pima hivi: jaza mtama theluthi moja ya chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, uiache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha nafaka juani. Isiponata, jaza kwenye mfuko wa kinga njaa, ule wa matabaka usiopitisha hewa, kamua hewa yote na funga kila tabaka kivyake. Tundu moja la panya linatosha kurudisha hewa, na wadudu wakaendelea kula, kwa hiyo weka mifuko juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Nafaka ikae nzima humo. Saga ya wiki mbili tu, kwani mafuta ya kiini huchacha haraka kwenye unga usiokobolewa.