47 kwa 22: ni bahati tu au kuna kitu?

Ukiambiwa kundi moja limepata asilimia 3.4 na lingine 1.6 unafanyaje? Wengi wanachukua kubwa wanatoa ndogo wanatangaza mshindi, basi, stori imeisha. Kwa sisi tunaoshinda na takwimu hapo ndo kazi inaanza, na mfano ninaopenda kuutumia nikifundisha umetoka Kisumu, sio mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliandikisha vijana wa kiume 2,784 pale Kisumu, umri 18 hadi 24, wote hawajatahiriwa na wote wamepimwa hawana VVU. Swali lilikuwa je, tohara inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa? Ikapigwa kura, 1,391 wakaangukia kutahiriwa mara moja na 1,393 wakaambiwa wasubiri miaka miwili, halafu wote wakawa wanapewa ushauri, kondomu na vipimo. Disemba 2006 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Kundi la tohara maambukizi mapya 22, kundi la kusubiri 47.

Sasa tulia. Hata kama tohara haifanyi chochote kabisa, makundi mawili hayawezi kugawana maambukizi pasu kwa pasu. Lazima moja lizidi, ni kama kurusha shilingi. Swali ni limezidi kiasi gani mpaka useme hapana, hii sio bahati.

Kuna mwanahisabati wa Afrika Kusini, John Kerrich, Wajerumani walivyoivamia Denmark mwaka 1940 yeye alikuwa huko, akaishia kambini kama mfungwa wa vita wa kiraia, na katika kupoteza muda akarusha shilingi mara 10,000 akiandika kila mrusho. Kichwa kikatokea mara 5,067. Shilingi haiko sawa? Kuna kanuni rahisi, chukua kipeuo cha pili cha idadi ya mirusho ugawe kwa mbili, hiyo inakupa mtikisiko wa kawaida, yaani kiasi ambacho shilingi isiyo na hila hupotoka kutoka nusu kwa bahati tu. Kwa 10,000 kipeuo ni 100, ukigawa unapata 50. Kerrich alizidisha 67 juu ya nusu, yaani mtikisiko mmoja na kitu kidogo. Shilingi nzima kabisa isiyo na hila inaweza kupotoka kiasi hicho au zaidi kama mara 18 katika kila majaribio 100, kwa hiyo hatuna sababu ya kuituhumu.

Rudi Kisumu na kanuni hiyohiyo. Jumla ya walioambukizwa ni 69 na makundi yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa, kwa hiyo tukidhani tohara haina athari yoyote (hii ndo inaitwa nadharia tete ya kwamba hakuna tofauti, unaanza nayo kama mahakama inavyomuanza mshtakiwa kwa kudhani hana hatia), kila maambukizi ni shilingi imerushwa, aidha imeangukia kundi hili au lile. Ungetegemea 34 na nusu kila upande. Kipeuo cha pili cha 69 ni 8.3, nusu yake 4.15. Arobaini na saba imepita matarajio kwa 12.5, ambayo ni mitikisiko mitatu! Bahati peke yake inafanya hivyo, upande wowote ule, mara 3 au 4 hivi katika 1,000. Huo uwezekano mdogo ndo wanaouita p. Watafiti wenyewe walitoa p ya 0.0065 kwa sababu wao waliingiza pia muda ambao kila mshiriki alifuatiliwa, namba imesogea kidogo ila hukumu ni ileile. Nadharia tete ya "hakuna tofauti" inakataliwa.

Kipimo cha kukata ni 0.05, yaani p ikiwa chini ya hapo unaikataa "hakuna tofauti". Watu wengi wanakitumia kama vile kimeshuka kutoka mbinguni, ni desturi tu, mwanatakwimu Ronald Fisher aliipa nguvu miaka ya 1920 na watu wakaganda nayo. Na angalia kitu kimoja, ukiwa unachungulia matokeo kila mara halafu unasimama siku yanapokufurahisha, hiyo 0.05 imeshaharibika, ndo maana utafiti ukitaka kuchungulia katikati unawekewa kizingiti kikali zaidi na wanaochungulia ni kamati ya pembeni, sio watafiti.

Kosa ninalolisikia kila semina, na sio kwa wanafunzi tu, ni mtu kusema "p ni 0.0065 kwa hiyo tuna uhakika asilimia 99.35 kwamba tohara inafanya kazi". Hapana jamani. P inajibu hivi: kama tohara haifanyi kitu, data kama hizi zingetokea mara ngapi. Haijibu swali la kugeuza, yaani ukishaziona data hizi, kuna uwezekano gani kwamba tohara inafanya kazi. Mwenye malaria mara nyingi ana homa, lakini nenda kituo cha afya uhesabu wangapi wana homa na hawana malaria.

Lingine ni ukubwa wa sampuli. Tuseme, kwa kufikirika tu, Kisumu wangechukua vijana 280 badala ya 2,784 wakapata maambukizi 5 kwa 2. Uwiano unakaribiana na ule wa mwanzo, lakini shilingi ikirushwa mara 7 inagawanyika hivyo au vibaya zaidi mara 45 katika 100. Hapo huwezi kusema kitu, na kutoweza kusema kitu sio ushahidi kwamba tohara haisaidii, ila magazeti yangeandika "tohara haisaidii" asubuhi yake.

Geuza upande wa pili, kuna watafiti 48 walirusha shilingi jumla mara 350,757, ikaangukia upande uleule ilioanzia asilimia 50.8. Ni mitikisiko tisa, p ndogo kupita maelezo, tofauti ipo kweli. Lakini ni chini ya pointi moja, refa hana haja ya kubadilisha chochote. Ya Kisumu sio hivyo, pale hatari ilipungua karibu nusu, japo wale 22 wa kundi la tohara bado waliambukizwa, kondomu iko palepale.

Na haikuishia kwenye utafiti mmoja. Machi 2007 WHO na UNAIDS walipoipendekeza tohara kama nyongeza ya kinga kwa wanaume walikuwa na tafiti tatu mezani, nyingine mbili ni Rakai kule Uganda, 22 kwa 45, na Orange Farm Afrika Kusini, 20 kwa 49. Piga mwenyewe kwenye karatasi. Ya Orange Farm jumla yake nayo ni 69, kwa hiyo mtikisiko unao tayari.