Langalanga 2026: Ya Kibandani na Ya Kweli

Kibanda umiza ninachokwenda kimejengwa kwa ajili ya mpira, na mwenyewe hafichi. Sisi wa langalanga, yaani Formula 1, tumepewa runinga ndogo ya pembeni, sauti imezimwa, kwa sababu mbio nyingi za Ulaya zinaanza Jumapili saa kumi jioni, na saa hiyo ni ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mtu asiyemsikia mtangazaji hujitangazia mwenyewe. Hapo ndipo uongo unapozaliwa, na ukishazaliwa kibandani haufi.

Msimu wa 2026 umekaribia. Sheria za gari zimefumuliwa karibu zote, timu zimekuwa 11 baada ya Cadillac kuingia, Audi wameichukua Sauber, na Lando Norris, bingwa wa 2025, anabandika namba 1 kwenye gari lake kwa mara ya kwanza. Tayari nimeshasikia mengi. Haya ndiyo yaliyonichosha zaidi.

"Aliyeongoza majaribio ndiye wa kumwangalia"

Kila Februari orodha ya muda wa majaribio ya kabla ya msimu inasambaa kwenye simu, na jioni ileile watu wanatafuta kofia ya timu iliyo juu. Mwaka 2019 Ferrari walitoka majaribioni Barcelona wakiwa juu ya orodha, na wengi tukawapa ubingwa kabla ya mbio hata moja. Msimu ulipoanza, Mercedes walishika nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio 5 za mwanzo, zote tano.

Tatizo ni kwamba orodha haisemi gari limebeba mafuta kiasi gani. Kilo 10 za mafuta hula takriban sehemu tatu za kumi za sekunde kwa kila mzunguko, na katika mchezo huu hiyo ni umbali kati ya shujaa na mtu wa katikati. Anayeonekana mzembe huenda kajaza tangi. Anayewaka huenda anatafuta picha ya gazetini tu na wadhamini wake wafurahi.

Mimi huangalia mizunguko. Gari lililozunguka kutwa nzima bila kurudishwa gereji limekuambia jambo la kweli, hasa mwaka huu ambapo injini zote ni mpya. Najua mtanitajia Brawn GP ya 2009, waliotokea majaribioni kama moto na wakachukua ubingwa kweli. Sawa. Ila mfano huohuo mmoja mmekuwa mkiutoa kwa miaka 17.

"Mbio tatu tu, tutakuwa tumeshamjua bingwa"

Mwaka 2022 baada ya mbio tatu Charles Leclerc alikuwa ameshinda mbili, na gari la Max Verstappen lilikuwa limemfia njiani mara mbili. Pengo: pointi 46. Verstappen akaja kushinda mbio 15 mwaka huo na kuchukua ubingwa zikiwa zimebaki mbio nne.

Mwaka jana ndio kabisa. Mwisho wa Agosti, baada ya mbio za Zandvoort, Uholanzi, Oscar Piastri alikuwa kinara na Verstappen yuko nyuma yake kwa pointi 104. Kibandani tulishafunga hesabu. Msimu ulipomalizika Abu Dhabi, Norris alikuwa na 423, Verstappen 421, na Piastri, yule kinara wa Agosti, akawa wa tatu.

Gari la Machi si gari la Oktoba. Timu zinaleta vipande vipya mwaka mzima, na sheria yenyewe inawabana walio juu: timu bingwa hupewa muda mdogo kuliko wote wa kujaribu gari kwenye handaki la upepo, chumba cha kupimia jinsi gari linavyokata hewa, na wa mkiani hupewa mwingi. Mwaka wa sheria mpya hali hiyo huwa kali zaidi, maana hakuna aliyefika karibu na kikomo cha anachoweza kujifunza.

"Wanaingia piti kujaza mafuta"

Huyu simlaumu. Ni shabiki wa zamani, na mpaka 2009 ilikuwa kweli. Tangu 2010 kujaza mafuta katikati ya mbio ni marufuku. Gari linaanza na mafuta yote ya kulifikisha mwisho. Piti, yaani kituo cha pembeni ambako gari huhudumiwa, sasa ni ya tairi. McLaren walimbadilishia Norris tairi zote nne kwa sekunde 1.80 kule Qatar mwaka 2023. Konda wa daladala hapo bado anatafuta chenji yako.

Lakini hizo sekunde mbili si gharama yenyewe, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu asiyeielewa piti anaangalia mbio nyingine kabisa. Ndani ya njia ya piti dereva haruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa kwenye viwanja vingi, wakati wenzake kule nje wanapita kwa mwendo wa 300. Kuingia, kubadilisha na kutoka hugharimu sekunde 20 na ushei, inategemea uwanja. Na mvua isiponyesha, kila dereva lazima atumie angalau aina mbili za tairi: nyekundu ni laini, inakimbia na kuisha upesi, njano ni ya kati, nyeupe ni ngumu na inadumu. Kwa hiyo kila mtu ana deni la piti angalau moja, na swali ni nani amelilipa.

Sasa chukua mtu anayeongoza kwa sekunde 15 na hajaingia piti, huku anayemfuata ameshaingia. Runinga inamwandika wa kwanza. Kibanda kinashangilia. Kwa kweli yuko nyuma kwa sekunde tano au zaidi, deni lake halijaonekana tu. Ndiyo maana siangalii nani yuko mbele, naangalia pengo la sekunde na rangi ya tairi. Ukizoea hivyo utaona pia ujanja wa wa nyuma: anaingia piti mapema, anapata tairi mbichi, anakimbia mizunguko miwili kama kichaa, na mwenzake anapotoka piti anamkuta kashapita. Hakuna aliyempita mwenzake barabarani. Wasiosikia sauti wanauliza, "Huyu kapitaje?"

Na yule jirani anayesema hela zote zile halafu tairi linaisha kama la bodaboda: linaisha kwa sababu limetengenezwa liishe. Pirelli, ambao ndio pekee wanaotoa tairi tangu 2011, wangeweza kutengeneza linalomaliza mbio. Piti ingekufa, na nusu ya ubishi wetu ingekufa nayo.

"Mwaka huu ni magari ya umeme"

Nusu nusu. Injini ni mpya lakini bado ni ya silinda sita, lita 1.6, yenye tabo (turbo), na bado inanguruma. Kilichobadilika ni mota ya umeme iliyo pembeni yake: imetoka kilowati 120 ikawa 350, kwa hiyo karibu nusu ya nguvu ya gari inatoka kwenye betri. Kifaa kilichokuwa kikivuna umeme kutoka kwenye tabo kimeondolewa. Mafuta nayo si yale ya kuchimbwa ardhini. Uzito mdogo kabisa unaoruhusiwa kwa gari umeshushwa kwa kilo 30 hivi. Ukitaka magari ya umeme mtupu, hayo ni mashindano mengine, yanaitwa Formula E.

Betri hiyo haitoshi kuchomwa mwanzo wa mzunguko mpaka mwisho. Dereva anaijaza akifunga breki, na wakati mwingine akiachia mafuta mapema kabla ya kona. Kwa hiyo mtaona gari linapungua kasi mahali lilipopaswa kuwaka, na mtapiga kelele limekufa. Huenda halijafa. Linavuna. Aliyevuna leo mzunguko huu anampiga mwenzake mzunguko ujao, kama tu aliyebana hela katikati ya mwezi.

Halafu lile bawa la nyuma la kufunguka kwa anayefukuza, lililotumika tangu 2011, limezikwa. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma yanafunguka kwa kila mtu kwenye sehemu zilizonyooka zilizotengwa, awe anafukuza au anafukuzwa. Anayekuwa ndani ya sekunde moja na wa mbele yake anapata kitu kingine: ruhusa ya kutumia umeme wa ziada. Ukimsikia mtu anasema "kafungua bawa, anapita", mwambie na wa mbele kafungua.

Mengine ya kupita haraka: pointi moja ya mzunguko wa kasi zaidi ilifutwa tangu 2025, msiiongeze kwenye hesabu. Na mbio fupi za Jumamosi, kilomita 100 tu, zipo kwenye wikendi sita mwaka huu. Zinatoa pointi kwa wanane wa kwanza, kuanzia 8 kushuka hadi 1. Si majaribio.

"Dereva kakaa tu" na "Gari ndilo linaloshinda"

Nimezisikia zote mbili kutoka kinywa kimoja, siku moja.

Aliyekaa tu, kwenye kona za kasi kichwa chake na helmeti vinavutwa pembeni kwa nguvu ya hadi mara tano ya uzito wao, saa nzima na nusu, ndani ya nguo zisizoshika moto. Qatar 2023, usiku lakini joto na unyevu wa kufa mtu, Esteban Ocon alitapika ndani ya helmeti akaendelea kuendesha mpaka mwisho. Logan Sargeant alishindwa, akalirudisha gari.

Hilo la gari lina ukweli mkubwa, sikatai. Fernando Alonso ni bingwa mara mbili, na mbio ya mwisho kushinda ilikuwa Hispania 2013. Si kwamba alisahau kuendesha. Lakini timu moja huwa na madereva wawili na magari mawili ya aina moja, na hapo ndipo pa kupimia. Mwaka 2023 ndani ya Red Bull, Verstappen alipata pointi 575 na Sergio Pérez 285. Mwaka uliofuata Verstappen akawa bingwa wa madereva huku timu yake ikimaliza ya tatu. Ukitaka kumjua dereva, mlinganishe na mwenzake wa gereji moja, wengine waache.

"Lini wanakuja Naivasha?"

Wanaokuja Naivasha ni wa rali. Safari Rally ni mashindano mengine ya dunia: gari moja moja linaondoka kushindana na saa, kuna msoma njia kiti cha pembeni, na kuna vumbi, mawe na pundamilia. Ilianza 1953, na ikarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Dereva wa langalanga ukimpeleka kwenye mchanga wa Naivasha na gari lake lile lililolala chini, hamalizi mita mia.

Lakini msimalizie kwa kusema langalanga haijawahi kukanyaga Afrika. Ilikimbiwa Casablanca mwaka 1958. Ilikimbiwa Afrika Kusini, kwanza mjini East London tangu 1962, kisha Kyalami, ambako mara ya mwisho ilikuwa 1993. Bingwa wa 1979, Jody Scheckter, ni wa Afrika Kusini, na alishinda akiwa na Ferrari. Na si ya zamani tu: Desemba 2024 tuzo za mwisho wa msimu zilitolewa Kigali, ambapo Rais Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio. Verstappen alipokea kombe lake hukohuko, na hukohuko akamalizia adhabu ya kutukana mbele ya waandishi wa habari kule Singapore, kwa kukaa na vijana wa Kinyarwanda wanaojifunza mchezo huu. Hata hivyo, kalenda ya 2026 iliyotangazwa ina mbio 24, na Afrika haina hata moja.

"Mbio ni saa saba"

Hii haiwasumbui Wazungu, ni yetu peke yetu. Simu inaandika 07:00, mtu anasoma "saa saba", anakula chakula cha mchana taratibu, anakuja kibandani na kukuta madereva wameshaoga shampeni. Yalimkuta jirani yangu, na ili nisiwe mnafiki, yalinikuta na mimi.

Melbourne, Australia, ni Jumapili tarehe 8 Machi, saa moja asubuhi kwa saa zetu. Shanghai wiki inayofuata ni saa nne asubuhi. Suzuka, Japani, ni saa mbili. Tukifika Ulaya tunarudi kwenye saa kumi jioni, isipokuwa Silverstone, Uingereza, ambayo ni saa kumi na moja. Miami ni saa tano usiku, na Las Vegas, ambayo wao wanakimbia Jumamosi usiku, sisi tunaiona Jumapili saa moja asubuhi.

Hiyo ya Melbourne inaangukia ndani ya Ramadhani. Wengi wetu tutakuwa tumeamka kwa daku, tumeswali alfajiri, na usingizi umeshakata. Nimezungumza na mwenye kibanda. Atafungua, kwa kiingilio cha mechi ya usiku, hapunguzi hata shilingi, na kahawa hakuna mpaka magharibi. Ila saa moja asubuhi hakuna mpira wa Uingereza, kwa hiyo amekubali kutuwekea runinga kubwa. Na sauti.