Upole si unyonge: mambo tunayoyachanganya sie Wakristo wa visiwani

Sie Wakristo wa huku Unguja na Pemba tuko wachache, kila mtu analijua hilo, na kwa uchache wetu huo habari za upole tunazisikia sana, kanisani, kwenye jumuiya, hata kwa wazee nyumbani, "kuwa mpole mwanangu, tunaishi na watu". Sawa kabisa. Ila ukisikiliza vizuri unaona wengi wetu tukisema upole tunakusudia kitu chengine, na mtu akiishi na maana hiyo ya makosa anaumia bure au anawaumiza wenzake.

Watu wanasema: mpole ni mtu dhaifu, hana la kusema.

Hii ndio kubwa kuliko zote. Jamani, Biblia ikimtaja mtu mpole kupita wote duniani inamtaja Musa, Hesabu 12:3, Musa huyo huyo aliyesimama mbele ya Farao, huyo huyo aliyezivunja mbao za mawe alipowakuta watu wanacheza mbele ya ndama. Sasa angalia mstari wenyewe umekaa wapi. Dada yake Miriamu na kaka yake Haruni wanamsema kwa ajili ya mke wake Mkushi, na chini yake kuna wivu, kwani Mungu kasema na Musa peke yake? Musa kimya, hajitetei hata kidogo, Mungu ndie anaejibu. Miriamu anapata ukoma, na hapo ndio Musa anafungua mdomo, wala sio kusema "umeona sasa", anamlilia Mungu ampoze dada yake. Yani akisemwa yeye ananyamaza, ikiguswa heshima ya Mungu anawaka, wakiwa na shida watu wake anawasemea. Nguvu anazo, ila hazitumii kujilipia kisasi. Mie upole wa mtu naupimia hapo.

Watu wanasema: mpole anakubali kila anachofanyiwa.

Hapana. Yesu mwenyewe aliyesema "mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo", alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza, alimuuliza yule mtu kama nimesema vibaya shuhudia huo ubaya, na kama nimesema vema wanipigia nini? Yohana 18:23. Na Paulo kule Filipi, walimpiga hadharani bila hukumu halafu kesho yake wanataka atoke kimya kimya, akakataa, akasema waje wenyewe watutoe. Baadae akakata rufaa mpaka kwa Kaisari.

Naliweka hili wazi kwa sababu kuna dada zetu wanapigwa majumbani, wakija kwa wazee wa kanisa wanaambiwa "vumilia mwanangu, kuwa mpole, utamvuta mumeo". Huo ushauri mbaya na unamsingizia Kristo. Kwenda kwa sheha, yani kiongozi wa mtaa, kwenda dawati la jinsia polisi, kuondoka ukalale kwa mama yako usije ukauliwa, hakuna hata kimoja hapo kinachovunja upole. Na wale wanaodhani upole ni wa wanawake tu kwa sababu Petro kawaandikia wake habari ya roho ya upole na utulivu, wahesabu tu, Musa, Yesu, Paulo, wote wanaume.

Watu wanasema: asiepiga kelele ndio mpole.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee hawakukosea. Utamkuta mtu maji ya kufulia ya jirani yanapita mlangoni kwake, hajasema kitu, anasalimia kwa kichwa tu, mwaka wa pili sasa, watoto wake kawakataza kucheza na wa kule, na mtaa mzima unamsifu mpole. Yule kanuna. Mpole angebisha hodi siku ya kwanza, akasema "samahani mama fulani, haya maji yananisumbua, tufanyeje?" na akimaliza kusema moyo wake mweupe.

Wengine wanasema ni tabia ya kuzaliwa, fulani kaumbwa hivyo, mie damu yangu ya moto. Lakini Wagalatia 5 inautaja upole kwenye tunda la Roho, na Yakobo na Yohana, wale walioitwa wana wa ngurumo na walitaka kuteremsha moto uchome kijiji cha Wasamaria, Yesu aliwakemea ila hakuwafukuza, aliendelea nao.

Watu wanasema: wenye ubavu ndio wanaofaidi, mpole anabaki na maneno matupu.

"Heri wenye upole, maana hao watairithi nchi", na wapo wanaoihubiri kama ahadi ya kiwanja, ukiwa mpole utapata eneo Fumba. Yesu pale anaikumbusha Zaburi 37, zaburi inayomwambia mtu asihangaike akiwaona waovu wanastawi, na ahadi yake ni kwamba wapole watajifurahisha kwa wingi wa amani, na urithi wao utakuwa wa milele. Zaburi hiyo hiyo inasema utapaangalia mahali pa muovu usimuone tena. Mtu wa Unguja hana haja ya kwenda mbali, aende Mkunazini, Mji Mkongwe. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale. Sisemi soko lilifungwa kwa upole, lilifungwa kwa mkataba huku Waingereza wakimtisha Sultani Barghash kwa manowari. Ila wenye bakora waliouza watu pale hawapo, na Jumapili watu wanaimba hapo.

Baraka nyengine ziko karibu zaidi. Zaburi 25:9, Mungu anawafundisha wapole njia yake, kwa sababu mtu mjuaji hafundishiki. Na raha nafsini aliyoahidi Yesu kwenye Mathayo 11:29 ni kweli, mtu asiekuwa na kesi ya kulipiza analala usingizi.

Halafu hili la mwisho, upole na majirani zetu Waislamu. Wengine wanadhani ni kuficha imani, wengine wanataka kila swali liwe mjadala. Umekaa barazani na kahawa yako, mzee anakuuliza, "mwanangu, hebu nambie, nyie mnaabudu watatu?" Petro wa kwanza 3:15 inasema uwe tayari kujibu, kwa upole na kwa hofu. Mjibu basi, "hapana mzee wangu, tunaabudu Mungu mmoja", umweleze unavyoamini, na yeye umsikilize mpaka amalize, hata kahawa ikipoa utaongezewa nyengine.

Na ndani ya kanisa Wagalatia 6:1 inataka alieanguka arejezwe kwa roho ya upole. Kama kijana wa kwaya kaanguka, mfuate yeye kwanza, kabla grupu la wasap la kwaya halijajua.