Mbegu ya kana haioti mpaka uikwangue

Mbegu ya kana inaweza kukaa kwenye udongo wako mwezi, miezi miwili, unamwagilia kila jioni na hakuna kinachotokea, ukiifukua unaikuta vilevile, nyeusi, ngumu, inang'aa, na hapo ndo wengi wanasema aliyeniuzia kanitapeli. Mara nyingi hujatapeliwa. Mbegu ni nzima kabisa ila maji hayajaingia ndani, na maji yasipoingia hakuna kuota. Sisi tunaoshughulika na elimu ya bustani na mapambo hili ndo swali tunaloletewa kuliko yote kuhusu hili ua, kwa hiyo leo tulimalize, alafu tuongee na mengine ambayo watu hawaulizi lakini yanawasumbua baadae.

Kana ni yale maua ya vipilefti, nje ya mahoteli, mbele ya makanisa na maofisi, majani mapana kama ya mgomba mdogo na maua mekundu, ya njano, ya chungwa au ya pinki juu. Kufanana na mgomba sio bahati tu, kana na migomba na tangawizi ni ukoo mmoja mpana, ndo maana chini ana tunguu kama tangawizi na ndo maana anapenda jua, maji na chakula kingi. Kwao ni Marekani ya kusini na ya kati mpaka visiwa vya Karibi, spishi zote ni kama 10 hivi, na hizi tunazopanda majumbani nyingi ni machotara yaliyotengenezwa na wataalamu wa kuchanganya mbegu za maua.

Sasa turudi kwenye mbegu. Ganda lake halipitishi maji kabisa, sio kwamba linapitisha polepole, halipitishi. Kule Zimbabwe mbegu hizi wanazitia kwenye vibuyu vya hosho ili vilie, na kisiwani Réunion wanazitia kwenye kayambu, zinapigwa ngoma hata ngoma na hazipasuki. Na kuna ile habari ya Argentina, sehemu inaitwa Santa Rosa de Tastil, walikuta mbegu ya kana ndani ya njuga ya kale iliyotengenezwa kwa ganda la tunda la walnut, wanasayansi wakapima umri kwa kaboni wakapata takriban miaka 600, na mbegu ile ilipopandwa ikaota. Kwa hiyo mbegu zako za mwaka juzi zilizokaa kwenye droo usizitupe.

Njia ni kulitoboa lile ganda kabla ya kupanda. Chukua msasa wa fundi seremala, ule wa kukwaruza kidogo, namba 80 au 100 unatosha, bei yake ni ndogo hardware yoyote. Mbegu ina ukubwa wa njegere ndogo na ni ya mviringo kwa hiyo inateleza vidoleni, ishike kwa plaizi bila kuibana sana, au ikalishe kwenye kipande cha kandambili ulichokitoboa tundu dogo. Iangalie vizuri kwanza, upande mmoja utaona alama ndogo, kovu la pale ilipokuwa imeshikana na tunda. Karibu na hapo ndo mche utatokea kwa hiyo hapo usiguse, sugua upande mwingine. Ukisugua utaona weusi unaong'aa unageuka kijivu kilichofifia, ukiendelea inakuja rangi ya kahawia, alafu katikati ya kahawia kinatokea kidoa cheupe kama maziwa. Simama hapo hapo. Kidoa chenye upana wa kichwa cha kiberiti kinatosha kabisa, ukiendelea kuchimba unajeruhi cha ndani na mbegu itaoza badala ya kuota.

Wenye tupa ya chuma watumie tupa, kazi inaenda haraka zaidi, na kikata kucha kile kikubwa nacho kinafaa ukijua kudonoa kidogo tu. Kuna wanaoshauri kuzichemsha. Mimi sishauri, maana maji yanayochemka jikoni yanaweza kuipika mbegu na huna namna ya kujua ipi imepona. Na kuna wale wa asidi ya betri, jamani hiyo acheni kabisa, maabara wana vifaa na wana mazoea, wewe nyumbani una watoto na una macho mawili tu.

Baada ya kusugua loweka kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukitia kidole unasikia joto lakini huondoi mkono. Ukiwa na chupa ya chai ya zamani isiyotumika tena ni nzuri sana kwa kazi hii, inatunza joto usiku kucha. Kesho yake zimwage kwenye sahani uzitazame. Iliyotoboka sawasawa itakuwa imevimba inaonekana kabisa, nono kuliko wenzake, ganda limelegea. Ambayo iko vilevile kama ulivyoitia jana hujaitoboa, irudishe kwenye msasa uongeze kidogo alafu loweka tena. Hili zoezi la kuvimba ndo kipimo chako, usipande mbegu ambayo haijavimba. Ila usizisahau majini siku tatu nne, zikishavimba zinahitaji hewa, zitaoza.

Kupanda sio kazi. Mboji iliyoiva changanya na mchanga wa mto nusu kwa nusu, weka kwenye viriba au makopo ya siagi yaliyotobolewa chini, mbegu moja moja, kina cha sentimita moja mpaka mbili, mwagilia iwe na unyevu sio tope. Joto ndo la muhimu, inataka udongo uwe kama nyuzi 21 mpaka 27, kwa hiyo watu wa Dar, Tanga, Mtwara, Zanzibar, Mombasa hamna shida muda wowote wa mwaka, unaweza kuona kijiti cha kijani ndani ya wiki moja au mbili. Walioko Njombe, Makete, Mafinga, Lushoto msipande Juni na Julai nje, mbegu itakaa kwenye udongo wa baridi mpaka ukungu uimalize, subirini joto lirudi au wekeni makopo ndani karibu na jikoni mkiyafunika na nailoni angavu. Kinachotokea kwanza ni jani lililojiviringisha, limesimama wima, watu wengine huling'oa wakidhani ni nyasi, kwa hiyo weka alama.

Mche ukifika majani matatu manne na urefu wa kama shibiri, hamishia bustanini. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, changanya udongo na samadi iliyooza, nusu ndoo hivi, na nafasi kati ya mche na mche ziwe sentimita 45 mpaka 60, kwa zile fupi 30 zinatosha. Sehemu iwe inapata jua kwa muda wa masaa sita au zaidi kwa siku. Kivulini itaota, itakuwa na majani mazuri tu, lakini maua utayasubiri sana. Vuli au masika yakianza ndo wakati mzuri wa kuhamisha maana mvua inakusaidia kazi ya ndoo, ila ukipanda kiangazi mwagilia mara kwa mara na tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Mbolea ya urea usimwage ovyo, utapata msitu wa majani. Kwenye joto, ukilisha vizuri, ua la kwanza linaweza kutoka miezi mitatu mpaka mitano toka ulipopanda mbegu, na hili huwashangaza watu kwa sababu wamezoea kuambiwa maua ya mbegu yanachukua mwaka.

Hapa kwenye rangi naomba tuelewane vizuri kwa sababu ndo panapoleta lawama. Ukichukua mbegu kwenye kana ya jirani yenye maua makubwa ya pinki usitegemee kupata pinki ile ile. Yale ni machotara, watoto wanatoka wamechanganyika, mmoja mwekundu, mwingine njano yenye madoadoa, mwingine mrefu kuliko nyumba ya kuku na maua madogo. Mimi binafsi naona hiyo ndo raha yake, lakini kama una mpango wa mstari wa rangi moja getini basi muombe jirani tunguu lenyewe, tunguu linatoa ua lile lile la mama. Kana ya kienyeji ile yenye maua madogo mekundu, Canna indica, hiyo inajichavusha yenyewe kwa wingi, watoto wake wanafanana sana na mama. Zile zenye maua mapana laini kabisa mara nyingi hazishiki mbegu, na zile za majani yenye michirizi ya njano au pinki michirizi ile hairithiwi kwa mbegu, inaendelezwa kwa tunguu tu. Kama unataka mbegu zinazotoa rangi ya uhakika zipo za kampuni, kwa mfano aina ya Tropical Rose ilipata tuzo ya All-America Selections, ile ya Marekani ya aina mpya bora za mimea ya bustani, mwaka 1992 na South Pacific Scarlet ikapata 2013, hizo zimetengenezwa makusudi zipandwe kwa mbegu, ila bei yake sio ya kitoto.

Na mbegu za kana ya bluu zinazouzwa mtandaoni, picha nzuri ya ua la bluu kama anga, usinunue. Kana ya bluu haipo. Utapanda, utatunza, na itatoka nyekundu au njano kama zingine, au hata isiwe kana kabisa.

Kwa nini basi mtu ahangaike na msasa wakati matunguu yapo? Sababu kubwa kwangu ni virusi. Kana ya mjini imeshapitishwa mkono kwa mkono miaka mingi, kila mtu anamega tunguu anampa mwenzake, na virusi vikiwemo ndani ya tunguu vinaenda navyo. Ukiona majani yana mistari ya njano inayofuata mishipa, au mabaka yaliyopauka, mmea unadumaa na maua yanatoka yamevunjika rangi, hiyo sio njaa ya mbolea, na hakuna dawa dukani ya kuiponya, muuzaji yeyote atakayekuuzia anakula hela yako. Ng'oa na tunguu lake lote, choma au zika mbali, usitie kwenye shimo la mboji, alafu kisu na jembe la kukatia visafishe kwa maji yenye jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji. Mimea iliyotoka kwa mbegu inaanza ikiwa safi zaidi, ingawa ukiipanda pembeni ya iliyoumwa wadudu mafuta wanaweza kuiletea baadhi ya virusi, kwa hiyo safisha kwanza.

Magonjwa mengine ni ya kawaida. Kutu inaonekana kama vumbi la chungwa chini ya jani, kata majani hayo, punguza msongamano, na umwagilie chini kwenye udongo badala ya kupulizia majani jioni. Konokono wanapenda jani changa likiwa bado limejiviringisha, wakilitoboa mara moja likifunguka linakuwa na matundu yaliyojipanga mstari, unaweza kudhani mtu katoboa kwa makusudi, waokote usiku kwa tochi. Viwavi wanaojikunjia ndani ya jani wafungue kwa mkono uwaponde, sumu haina haja.

Shina likishamaliza kutoa maua likate chini kabisa, halitatoa tena, linakula tu chakula cha machipukizi. Na kama hutaki mbegu toa vile vitunda vya kijani vyenye miiba laini mapema, mmea utaendelea kutoa maua.

Kuna jambo la kuwa makini nalo. Canna indica inatoroka. Afrika Kusini iko kwenye orodha ya kisheria ya mimea vamizi, na huku kwetu pia utaikuta imejiotea kandokando ya vijito na mitaro bila mtu kuipanda. Usitupe matunguu mtoni wala kwenye korongo, na kama nyumba yako iko karibu na chanzo cha maji vitunda vikate kabla havijapasuka. Kwa upande mwingine huo huo upendo wake wa maji unaweza kukufaa, kana inatumika sehemu nyingi duniani kwenye mabwawa ya mimea ya kusafisha maji machafu, na nyumbani ukiipanda pale maji ya bafuni au ya kufulia yanapomwagika itayanywa vizuri na lile dimbwi la mbu litapungua. Maji ya choo usiyahusishe, hayo yana utaratibu wake.

Watu wanauliza pia kama inaliwa. Tunguu lina wanga, kwenye milima ya Andes wanalila toka zamani na Vietnam wanatengeneza tambi, ila hiyo ni kana iliyolimwa kwa chakula, ya kwako ya mapambo iliyopuliziwa dawa na kunyweshwa maji ya sabuni usiipike.

Ukitaka kuvuna mbegu zako mwenyewe acha vitunda viive mmeani mpaka vikauke na kuanza kupasuka. Mbegu ya ndani ikiwa bado nyeupe au kahawia ni changa, ngoja iwe nyeusi. Zianike kivulini siku chache, zitie kwenye glasi ya maji, zinazoelea ziondoe, zinazozama zikaushe tena uziweke kwenye bahasha ya karatasi na uandike rangi ya mama na mwezi wa kuvuna, alafu bahasha iwekwe juu ambapo mtoto mdogo hafiki, maana zinateleza, zinavutia, na zinapenda kuingia puani na kooni.