Galileo na Shahada Ambayo Hakuipata: Dhana Potofu na Ukweli

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: Galileo, yule mwanasayansi wa Italia wa kale, aliacha chuo na bado akaibadilisha dunia, sasa wewe kijana unahangaika na chuo cha nini? Mimi ni mwalimu, na ujumbe huo huniuma. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watoto wetu.

Dhana: Galileo hakusoma, alijifundisha mwenyewe.

Kweli hakuhitimu. Baba yake Vincenzo alikuwa mwanamuziki, mpigaji wa ala ya nyuzi iliyo ndugu wa udi wetu wa taarabu, na alijua muziki haushibishi. Ndiyo maana mwaka 1581 alimwandikisha mwanawe Chuo Kikuu cha Pisa asomee udaktari. Mwaka 1585 kijana alirudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini hapo katikati alikutana na mwalimu. Ostilio Ricci, mwanahisabati wa ikulu ya Toscana (eneo la Italia yenye miji ya Pisa na Florence), alikuwa akifundisha jometria ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, na Galileo akawa anakwenda kumsikiliza badala ya kushughulikia masomo ya tiba. Kutoka kwa Euclid akaingia kwa Archimedes, Mgiriki mwingine wa kale. Mwaka 1586, mwaka mmoja tu baada ya kuacha chuo, aliandika kijitabu kuhusu mizani ya kupima metali ndani ya maji, kwa kumfuata huyohuyo Archimedes. Aliacha udaktari, kusoma hakuacha hata siku moja. Anayemtolea mfano huu kijana bila kumtaja Ricci anamnyima kijana huyo kitu cha maana kuliko vyote, yaani mwalimu.

Dhana: kwa kipaji chake, milango ilijifungua yenyewe.

Miaka minne alizunguka Florence na Siena akifundisha tuisheni. Mwaka 1588 aliomba nafasi ya kufundisha hisabati Chuo Kikuu cha Bologna, akakosa. Alichukuliwa Giovanni Antonio Magini. Mwaka 1589 alipata Pisa, tena kwa kusemewa na watu, hasa Guidobaldo del Monte, mtukufu aliyekuwa mwanahisabati pia. Mshahara ulikuwa scudi 60 kwa mwaka, kiasi kidogo sana kwa profesa. Wakati huo hisabati ilikaa chini kabisa ya falsafa na tiba. Alipokuwa hapo alitunga shairi refu la kupinga amri ya walimu kuvaa joho kila waendapo.

Na kile kisa maarufu kwamba alidondosha mipira mizito na myepesi kutoka mnara wa Pisa ili kuonyesha kuwa huanguka kwa kasi moja, kimetoka kwa mwanafunzi wake Viviani, aliyekiandika miaka mingi baadaye. Galileo mwenyewe hakukiandika popote.

Dhana: alikuwa profesa wa fizikia, akiwafundisha wanafunzi kwamba dunia inazunguka jua.

Alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1592 alihamia chuo kikuu cha Padova, mji uliokuwa chini ya Venice, akakaa miaka 18. Darasani alifundisha Euclid na elimu ya anga ya Ptolemy, ile inayoiweka dunia katikati. Wengi wa waliomsikiliza walikuwa wanafunzi wa tiba, kwa kuwa daktari wa enzi hizo alitakiwa kujua kusoma nyota. Mwaka 1597 alimwandikia Kepler, mtaalamu wa anga wa Ujerumani, kwamba ameyakubali miaka mingi mawazo ya Copernicus kuwa dunia inazunguka jua, ila anaogopa kuyachapisha asije akachekwa kama Copernicus.

Na alikuwa na mzigo. Baba alifariki mwaka 1591, akabaki yeye mtoto wa kwanza mwenye dada wa kuozesha. Kwao enzi hizo mahari ilitoka upande wa mwanamke, kwa hiyo deni lilimwangukia yeye. Mshahara wa Padova ulianzia florini 180. Ndipo nyumba yake ikageuka bweni: vijana wenye uwezo walilala, walikula na kusoma hapo. Fundi Mazzoleni aliishi humohumo, akichonga kwa shaba chombo cha hesabu chenye mikono miwili inayofunguka kama mkasi, kila mkono umechorwa mistari ya vipimo. Askari alikitumia kujua mwinuko wa mzinga, mfanyabiashara kubadili fedha. Masomo ya kukitumia yaliuzwa ghali kuliko chombo chenyewe. Picha hii mwalimu yeyote wa kwetu ataielewa bila kufafanuliwa.

Dhana: alivumbua darubini.

Ilitokea Uholanzi mwaka 1608. Yeye aliiboresha mwaka 1609 na kuwazawadia watawala wa Venice, nao wakampandishia mshahara hadi florini 1000 na kumpa kazi ya maisha. Mwaka uliofuata akaondoka.

Dhana: alibaki mwalimu wa chuo hadi kesi ilipomkuta.

Mwaka 1610 alihamia Florence kwa Cosimo II, mtawala wa Toscana, akiwa mwanahisabati mkuu wa Chuo cha Pisa asiyelazimika kufundisha. Akaomba neno "mwanafalsafa" liongezwe kwenye cheo chake, akisema ameisomea falsafa miaka mingi kuliko miezi aliyoisomea hisabati.

Baada ya mahakama ya Kanisa Katoliki kumhukumu mwaka 1633 kwa kutetea wazo kwamba dunia inazunguka jua, alifungiwa nyumbani, na mwishoni akawa kipofu kule Arcetri, karibu na Florence. Hata hivyo alifundisha. Viviani alikuja mwaka 1639 akiwa na miaka 17, akawa anamsomea na kumwandikia. Torricelli, mwanahisabati mwingine kijana, alifika Oktoba 1641, akamkuta mzee amebakiza miezi mitatu. Galileo alipofariki Januari 1642, Torricelli ndiye aliyekabidhiwa nafasi yake ya mwanahisabati wa mtawala.