Buibui wa ukutani: hana utando, lakini ni buibui

Ukikaa sebuleni jioni, Entebbe au Jinja, utamwona ukutani: mdogo, hafiki sentimeta moja, anatembea hatua mbili tatu, anasimama, kisha anakugeukia na kukukodolea macho mawili makubwa ya mbele. Wengi husema huyo si buibui, eti buibui lazima awe na utando.

Si kweli. Buibui hatambuliwi kwa utando. Mhesabu miguu: minane, wakati mdudu ana sita. Buibui wote hutoa uzi, ila kila jamii huutumia kivyake. Huyu ni wa familia ya buibui warukaji, Salticidae, yenye spishi zaidi ya 6,000. Hakuna familia ya buibui inayoizidi kwa wingi wa spishi, nayo imeenea mabara yote isipokuwa Antaktika. Kabla ya kuruka, hubandika uzi ukutani kama kamba ya usalama, kisha husukuma majimaji ya mwilini hadi miguu ya nyuma, ikanyooka ghafla. Huyooo!

Mmoja wao ni wa kwetu hasa: Evarcha culicivora, wa kandokando ya Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003. Chakula akipendacho ni mbu jike aliyekwisha kushiba damu, hasa anofelesi, yule mwenye kueneza malaria. Kwa hiyo damu anayokula huenda ni yako kweli, lakini aliyekuuma ni mbu.

Wa kwangu anakaa juu ya dirisha. Ufagio haufiki pale, kwa makusudi.