Kila Mnyoo na Mlango Wake

Kazi yangu ni ya maabara, na kwa miaka mingi nimeifanya katika vituo vya afya vya mkoa wa Lindi. Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi ni lile lile: "Dawa ya minyoo nimempa juzi tu, mbona hali imerudi?" Kabla ya kujibu, huwa nauliza mtoto alikuwa na minyoo gani, na mara nyingi mzazi hunishangaa. Tumezoea kusema "minyoo" kana kwamba ni mdudu mmoja, ilhali wanaowasumbua watoto wetu ni wa aina kadhaa, na kila aina ina mlango wake wa kuingilia. Kidonge kinaweza kuwa kimoja kwa wengi wao, lakini mlango wa kufungwa nyumbani si mmoja, na mzazi aliyefunga usiohusika atarudi dukani kununua dawa tena na tena.

Nianze na safura, kwa sababu ndiyo ninayoihofia zaidi huku kwetu. Wengi hudhani minyoo wote huingia kwa kula uchafu, lakini safura huingia hasa kwa kupenya ngozi, na zaidi ngozi ya unyayo. Mayai hutoka na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Yakiangukia udongo wenye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 mabuu huwa tayari kumwingia yeyote atakayepita hapo miguu mitupu. Yakishaingia husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na hatimaye hukomaa yakiwa yameng'ata ukuta wa utumbo mdogo na kunyonya damu.

Sasa tazama mkorosho. Kati ya Oktoba na Desemba familia nyingi hushinda shambani, na nyingine huhamia huko kabisa, zikalala kwenye vibanda hadi korosho ziishe. Choo mara nyingi hakuna. Mtu hujisogeza nyuma ya mti wa tatu au wa nne. Mchanga mtupu wa uwanjani, unaochomwa na jua tangu asubuhi, huyakausha mabuu yakafa, lakini chini ya mkorosho kivuli ni kizito na majani makavu yamefunika ardhi, na mvua za kwanza zikinyesha unyevu hubaki pale kwa siku nyingi. Hapo ndipo watoto wetu huinama kuokota korosho, wakiwa pekupeku. Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kusema neno moja tu kuhusu safura, nitasema: chimbeni choo cha shamba kabla ya kuanza kuokota, hata kama ni shimo la msimu mmoja lenye kifuniko. Neno la pili ni viatu. Ndala ni afadhali kuliko miguu mitupu, ingawa kiatu cha plastiki kinachofunika unyayo wote ni bora zaidi kwa sababu mchanga hauingii kirahisi.

Madhara yake yanahesabika. Mnyoo mmoja wa safura humpotezea mtu damu kidogo sana, takriban mililita 0.03 kwa siku kwa aina moja na hadi mililita 0.2 kwa aina nyingine. Ni chini ya tone, au ni matone machache tu. Lakini minyoo mia moja wa aina hiyo ya pili wanafikia mililita 20 kwa siku, na mtoto wa kilo 15 ana damu ya lita 1.2 hivi mwili mzima. Ongeza malaria, ambayo nayo huharibu damu, na chakula cha ugali usio na mboga wala maharage, utaelewa kwa nini mtoto anachoka kabla ya mchezo kuisha na kwa nini anakutwa akila udongo. Mgeuze kiganja chake ukilinganishe na chako, kisha vuta kidogo kope la chini utazame ndani yake. Ukiona weupe, usiishie kwenye dawa ya minyoo. Mpeleke kituoni apimwe wingi wa damu na malaria, kwa maana dawa huua mnyoo lakini hairudishi damu iliyokwisha kupotea.

Nina jambo moja la safura ambalo sijalisahau. Nilipokuwa mgeni kazini nilishiriki kupima wanafunzi wa shule moja ya msingi kwa njia ya kupaka kinyesi kidogo kwenye kipande cha kioo cha hadubini na kukilainisha kwa gliserini. Siku ile tulikuwa na vioo vingi, nikavipanga mezani, nikaenda kula, na nilipovisoma mchana sikuona yai la safura hata moja. Niliandika kwamba hawana. Msimamizi wangu alipoandaa vioo vipya kutoka kwenye vikopo vile vile na kuvisoma papo hapo, mayai yalionekana: ya mviringo, ngozi nyembamba kama povu la sabuni, na ndani yake seli chache zilizokusanyika katikati. Gliserini huyafuta mayai ya safura kioo kikikaa, na kwa uvivu wangu watoto wale wangerudi nyumbani wakihesabiwa wazima. Tangu hapo majibu ya "hakuna minyoo" sitoi kwa haraka, na nakusihi wewe nawe usiyachukulie kuwa ya mwisho endapo mtoto bado ni mweupe na mchovu.

Kuhusu dawa, albendazo ya miligramu 400 kwa mara moja hutolewa kwa mtoto wa miaka miwili na kuendelea, na nusu yake, yaani miligramu 200, kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili. Aliye chini ya mwaka asipewe nyumbani, na mama aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito asinywe. Mebendazo ya miligramu 500 inafaa sana kwa minyoo wakubwa wa mviringo, ila kwa dozi moja ni dhaifu kwa safura, na hapo pekee pana jibu la baadhi ya wazazi wanaoniambia dawa haikufanya kazi. Kwa mtoto mdogo kidonge kisagwe kati ya vijiko viwili na kuchanganywa na maji. Asilazimishwe akiwa analia, kwani kidonge kinaweza kumpalia.

Mlango wa minyoo uzi uko chumbani. Bibi mmoja aliniletea mjukuu wa miaka sita, akiwa amechoka kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu usiku hatulali, anajikuna makalio mpaka kunakucha. Dawa kameza mara mbili."

"Nyumbani mnalala wangapi, bibi?"

"Chumba kimoja wanalala wanne. Dawa nimempa huyu, wale hawaumwi."

Nilimpa kipande cha selotepu na kioo, nikamwomba kesho yake alfajiri, kabla mtoto hajaoga wala kwenda chooni, amgusishe selotepu sehemu ya haja kubwa kisha aibandike kwenye kioo. Aliileta ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kanga. Chini ya hadubini mayai yalijaa, bapa upande mmoja na yenye tumbo upande wa pili, kama punje za mchele zilizobanwa. Mnyoo jike hutoka usiku kutaga nje ya njia ya haja, mtoto hujikuna, mayai yanaingia chini ya kucha, kisha shukani, kwenye mkono wa mwenzake, na mdomoni. Nje ya mwili huweza kuishi wiki mbili au tatu. Hapa mgonjwa ni nyumba nzima: wote wanywe dawa siku moja, isipokuwa wale niliokwisha kuwataja, na warudie baada ya wiki mbili, kwa sababu dawa haiui mayai. Siku ya dawa shuka na chupi zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kucha zikatwe, na mtoto aoge kila asubuhi.

Minyoo wakubwa wa mviringo na wale wa mjeledi huingia kwa mdomo, kupitia mikono, matunda na udongo. Jike mmoja wa mviringo hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, nayo hudumu ardhini hata miaka. Kosa kubwa ninaloliona ni kutupa kinyesi cha mtoto mchanga kichakani kwa imani kwamba hakina madhara. Kina madhara yale yale ya mtu mzima, kitupwe chooni. Kibuyu chirizi kando ya choo, chenye maji na sabuni, kinatosha kwa mikono. Mtoto mwenye tumbo lililovimba, anayetapika na hapati choo, ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Kichocho ni habari nyingine kabisa, na dawa ya minyoo ya kawaida haikigusi. Huingia kwa ngozi pia, lakini majini, kwenye mabwawa na kingo za mito iendayo taratibu, mahali wanapoishi konokono wanaokibeba. Mtoto anayekojoa damu mwishoni mwa mkojo apelekwe kituoni apewe prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake. Dawa hiyo haiui minyoo wa kichocho walio wachanga, hivyo aliyeoga bwawani wiki iliyopita anaweza kuhitaji dozi nyingine baada ya mwezi na nusu hivi.

Chini ya miaka mitano watoto hupewa dawa ya minyoo pamoja na vitamini A mwezi Juni na Desemba, na wa shule hupata kingatiba shuleni. Msiikwepe. Zaidi ya hapo, ukishuku minyoo, leta choo tukione: kiasi cha punje ya haragwe, katika kikopo kikavu na kisafi, kisichochanganyika na mkojo, kifike ndani ya saa moja. Mkojo wa kupima kichocho uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo mayai hutoka kwa wingi. Na unapokabidhi kikopo, tuambie mtoto analala na nani, anacheza wapi, na kama msimu huu mlikuwa shamba.